Unyayo Bapa: Lini ni Umbo, Lini ni Ugonjwa

Unyayo wa binadamu una mifupa 26 iliyofungamanishwa kwa ligamenti, yaani nyuzi ngumu ziungazo mfupa na mfupa, na kushikiliwa na kano za misuli ishukayo kutoka mguuni, hasa kano ipitayo nyuma ya kifundo cha ndani na kujishika chini ya unyayo. Kwa watu wengi mpangilio huo huacha upinde upande wa ndani, kati ya kisigino na shina la kidole gumba. Upinde huo unapolala chini mtu anaposimama, hata alama ya mguu uliolowa ikajaa yote sakafuni, unyayo huitwa bapa.

Karibu watoto wote huanza kutembea na nyayo za namna hiyo, kwa kuwa ligamenti zao bado ni laini na mafuta yamejaza mahali pa upinde, na kwa wengi upinde hujitokeza wenyewe kabla hawajatimiza miaka 10. Hata hivyo wazazi wengi wameuziwa viatu vya kurekebisha miguu, vizito na vya bei ghali, ilhali jaribio la daktari Dennis Wenger na wenzake huko Marekani, lililochapishwa mwaka 1989, lilionyesha kwamba baada ya miaka 3 watoto waliovaa viatu au soli maalumu hawakuwazidi wale walioachwa bila tiba, kwani nyayo za makundi yote zilikuwa zimejirekebisha. Mwaka 1992 madaktari Rao na Joseph walichapisha uchunguzi wa alama za nyayo za watoto 2,300 nchini India, ambamo ubapa ulionekana kwa asilimia 8.6 ya waliozoea viatu na asilimia 2.8 tu ya waliotembea peku. Uchunguzi wa aina hiyo hauthibitishi kwamba kiatu ndicho chanzo, wala haumruhusu mtoto kwenda peku penye miiba na minyoo ya safura, lakini unatosha kumwondolea mzazi hofu ya kumwacha acheze bila viatu nyumbani.

Kipimo chenye maana kuliko alama ya sakafuni ni kumtaka mtu achuchumie. Upinde ukirudi anaposimamia vidole, unyayo huo ni mnyumbufu, na usipouma hauhitaji tiba. Usiporudi, unyayo ni mkakamavu, mara nyingi kwa sababu mifupa iliyopaswa kutengana imeungana kwa mfupa au gegedu, hali ambayo kwa kawaida huanza kuuma katika umri wa kubalehe na ambayo huhitaji picha ya eksirei. Harris na Beath, waliochunguza miguu ya wanajeshi zaidi ya 3,600 wa Kanada na kutoa taarifa yao mwaka 1947, walikuta pia kwamba unyayo mnyumbufu huleta taabu hasa pale kano kubwa ya kisigino inapokuwa fupi.

Ubapa unaomjia mtu mzima ambaye upinde wake ulikuwa mzima ni habari nyingine kabisa. Mara nyingi ile kano ya kifundo cha ndani imechakaa, na waathirika wakubwa ni wanawake waliovuka miaka 40, hasa wenye uzito mkubwa, kisukari au shinikizo la damu. Huanza kwa maumivu na uvimbe nyuma ya kifundo, kisha mgonjwa hushindwa kuchuchumia kwa mguu mmoja. Mwenye kisukari ambaye unyayo wake umevimba, umekuwa mwekundu na wa moto, hata kama hausikii maumivu, aende hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu mifupa yake huenda inavunjika na kuporomoka kimyakimya.

Kwa wanaoumia, tiba huanza na kiatu chenye kisigino kigumu kinachoushika mguu vizuri, jambo ambalo kandambili haziwezi, pamoja na soli za ndani zinazoinua upinde, ambazo hupunguza maumivu ingawa haziujengi upinde upya. Huongezwa mazoezi ya kunyoosha misuli ya shavu la mguu kwa kuegemea ukuta huku kisigino kikigusa sakafu, mazoezi ya kuuimarisha unyayo wenyewe, na kupunguza uzito panapohitajika. Upasuaji hubaki kwa wale ambao maumivu hayakutulia baada ya miezi kadhaa ya matibabu hayo, na mgonjwa huelezwa mapema kwamba kupona kwake nako huchukua miezi mingi.