Presha Iko Sawa, Moyo Unaenda Mbio

Anaingia zahanati ameshika kifua. Alikuwa kwenye daladala, amebanwa katikati ya abiria, mara moyo ukaanza kumwenda mbio. Pumzi ikakata, vidole vikafa ganzi, jasho jembamba likamtoka, akajua anakufa. Akashuka kituo kisicho chake. "Dokta, nina presha." Anapimwa: 118 kwa 76. Anapimwa malaria, hana. Wiki inayofuata anajikusanya hadi hospitali kubwa, anapimwa umeme wa moyo, majibu yanatoka safi. "Huna ugonjwa," anaambiwa, "punguza mawazo." Anarudi nyumbani na hofu mbili: ile iliyomtoa nyumbani, na mpya ya kuwa na ugonjwa ambao hata mashine haziuoni.

Kauli ya "huna ugonjwa" ina nusu ya ukweli. Moyo wake ni mzima, lakini hakubuni alichokisikia. Kila dalili aliyoitaja ina sababu yake mwilini, na naamini kuzijua sababu hizo ni sehemu ya tiba yenyewe.

Lugha yetu imekuwa ikiiweka hofu mwilini siku zote. Tunasema tumbo joto, roho juu, jakamoyo. Mwishoni mwa karne ya 19, eksirei ikiwa ndiyo kwanza imegunduliwa, mwanafunzi wa udaktari wa Harvard aitwaye Walter Cannon aliitumia kutazama chakula kinavyosukumwa tumboni mwa paka. Akaona jambo ambalo hakulitafuta: paka akitishika, tumbo linaacha kufanya kazi. Akitulizwa, linaanza tena. Cannon aliendelea kulifuatilia jambo hilo, na mwaka 1915 akatoa kitabu kilichoonyesha kwamba mwili wenye hofu hujiandaa kwa mambo mawili, kupigana au kukimbia.

Kazi huanzia ndani ya ubongo, kwenye vinundu viwili vyenye umbo la lozi viitwavyo amigdala, kimoja kila upande. Vikihisi hatari, habari hushuka kwa mishipa ya fahamu hadi kwenye tezi zilizokaa juu ya figo, nazo humwaga adrenalini kwenye damu. Moyo huongeza kasi ili misuli ya miguu ipate damu. Tumbo hupunguziwa damu, kwa kuwa anayekimbizwa na fisi hana nafasi ya kusaga chakula. Ngozi hutoa jasho ili mwili usichemke, na mapafu huvuta hewa nyingi. Yote hayo ni msaada kwa mtu anayekimbia. Aliyebanwa kwenye daladala hana pa kukimbilia. Anahema haraka huku misuli yake imetulia, kwa hiyo anatoa hewa ukaa nyingi kuliko mwili unavyoitengeneza. Hewa hiyo ikipungua kwenye damu, mishipa ya damu ya ubongo husinyaa, kichwa kikawa chepesi, midomo na vidole vikafa ganzi. Hiyo ndiyo ganzi iliyomfanya aamini anakufa.

Kuna mwanamke mmoja wa Marekani ambaye wanasayansi humtaja kwa herufi mbili tu, S.M. Ugonjwa adimu wa kurithi uliziharibu amigdala zake zote mbili. Watafiti walipompeleka kwenye duka linalouza nyoka na buibui hakuogopa, bali alitamani kuwashika. Filamu za kutisha hazikumgusa. Ndipo mwaka 2013 zikachapishwa habari za jaribio ambalo matokeo yake hayakutarajiwa: alipovutishwa mara moja hewa yenye asilimia 35 ya hewa ukaa, mwanamke huyo asiyejua hofu aliingiwa na kiwewe, akapapatika kuivua barakoa huku akiomba msaada.

Jaribio hilo linanigusa kila ninapolifikiria. Maana yake ni kwamba mwili una kengele nyingine isiyoitegemea amigdala, na kwamba hofu inaweza kuanzia ndani, kwenye pumzi na damu, pasipo jambo lolote la nje. Basi tunapomkazania mtu kwa swali la "unaogopa nini?", huenda tunamdai jibu ambalo halipo. Vikombe vitatu vya kahawa kwenye tumbo tupu vinatosha kuuwasha moyo. Upungufu wa damu unaweza, tezi ya shingoni inayofanya kazi kupita kiasi inaweza, na hata dawa ya pumu ya kuvuta mdomoni inaweza. Ndiyo sababu vipimo vya mwanzo ni vya lazima, hasa kwa mwenye maumivu ya kifua. Kurithi nako kumo, na aliyelelewa katika vitisho au vipigo huingia utu uzima kengele yake ikiwa nyepesi. Anayesema wasiwasi ni uhaba wa imani anamwonea mgonjwa.

Hata hivyo, mshtuko mmoja wa hofu peke yake si ugonjwa. Hupanda kwa dakika chache, kisha hushuka. Mwaka 1986 mwanasaikolojia wa Uingereza, David Clark, alieleza kinachofuata. Moyo unadunda, mtu anautafsiri mdundo kuwa ni kifo, tafsiri inaleta adrenalini zaidi, moyo unadunda zaidi. Kesho yake anaogopa daladala, anapanda bodaboda. Mwezi ujao haendi sokoni siku ya msongamano. Baadaye hata msiba wa jirani anatuma rambirambi kwa simu. Kila anapokwepa anapata nafuu, na ubongo unaichukua nafuu hiyo kama ushahidi kwamba alikokwepa kweli kulikuwa na mauti. Hapa ndipo mshtuko wa dakika kumi unapogeuka kifungo cha miaka.

Njia ya kutoka ilionekana mapema. Mwaka 1924 Mary Cover Jones, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika habari za mtoto aliyeitwa Peter aliyeogopa sungura. Alimpa chakula anachokipenda, huku sungura akiwekwa mbali ndani ya tundu. Siku baada ya siku akasogezwa, hadi mtoto akawa anamshika. Tiba ya leo ya hofu imejengwa juu ya msingi huo. Mwenye kuogopa daladala huanza kwa kusimama tu kituoni. Kisha hupanda wakati abiria ni wachache, anashuka kituo cha kwanza. Halafu cha pili, cha tano. Lililo kubwa ni kubaki pale hadi moyo ushuke wenyewe, kwani akikimbia katikati amelisha hofu. Ubongo haufuti kumbukumbu ya zamani, bali huandika mpya pembeni yake. Kwa hiyo hofu ikirudi baada ya miezi, asidhani tiba imeshindwa, arudie hatua.

Pumzi nayo husaidia, kwa sababu moyo hupungua kasi kila tunapotoa hewa. Vuta taratibu kwa hesabu ya nne, toa kwa hesabu ya sita, dakika chache, na ufanye mazoezi hayo ukiwa mtulivu. Neno wasiwasi tumelipokea kutoka Kiarabu, ambako lina maana ya mnong'ono, na mnong'ono hujibiwa kwa maneno: Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, alishauri mtu ajiwekee mawazo ya kumtuliza angali mzima, kama anavyoweka dawa nyumbani kabla ya kuugua. Ningemwambia msomaji aandike kwenye karatasi: "Hii ni adrenalini. Itapanda, itashuka." Aiweke kwenye pochi.

Dawa zipo pia. Zile za kutumia muda mrefu huchukua wiki kadhaa kufanya kazi. Vidonge vya usingizi aina ya dayazepamu hutuliza upesi, lakini mwili huvizoea, hivyo kuvinunua kiholela duka la dawa ni kujitafutia tatizo la pili.

Ila upo wasiwasi ambao kengele yake haina kosa. Mama aliyechukua mkopo wa riba kali, ule uitwao kausha damu, na marejesho ni kesho asubuhi, anaona moto wa kweli. Kumwambia apumue tu hakutoshi. Kwa mtu kama huyu, somo zuri kuliko yote ninayoyajua limetoka Harare. Mwaka 2006 daktari wa akili Dixon Chibanda alianza na bibi 14 katika kitongoji cha Mbare, akawafundisha kusikiliza na kusaidia kutatua matatizo. Bibi hukaa na mgonjwa kwenye benchi la mbao nje ya kliniki. Hawasemi majina ya kitabibu. Husema kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, neno la Kishona ambalo sisi wa "mawazo" tunalielewa bila mkalimani. Humsaidia mgonjwa kuyataja matatizo yote, kuchagua moja, na kupanga hatua inayowezekana wiki hiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 uliwafuata watu 573. Baada ya miezi sita, asilimia 12 ya waliokaa kwenye benchi walikuwa bado na dalili za wasiwasi. Kwa waliopata huduma ya kawaida, walikuwa asilimia 48. Benchi hilo sasa limefika hadi Zanzibar.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 301 waliishi na magonjwa ya wasiwasi, na kwamba takriban mmoja tu kati ya wanne hupata tiba. Kwetu wengi huogopa hata kuuliza, maana jina la Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili ya Dodoma, limegeuzwa tusi la mitaani. Wewe unayekwepa kazi, safari au ibada kwa sababu ya moyo kwenda mbio, nenda kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya mkoa wako, useme hivyo hivyo ulivyozoea kusema: moyo, tumbo, pumzi. Nawe muuguzi unayeikunja mashine ya presha, kabla hujamwita anayefuata, muulize huyu aliye mbele yako: "Tangu lini, na siku hizi unakwepa kwenda wapi?"