Vanila ya kwetu ndani ya chupa: namna ya kuitengeneza nyumbani

Ukienda sokoni hapa Bunia kutafuta vanila ya keki, watakupatia kichupa kidogo cha aromu. Soma karatasi yake vizuri: mara mingi ndani hakuna vanila hata kidogo, ni harufu ya kiwandani inayoitwa vanilini, pamoja na maji na rangi. Na vanila ya kweli inalimwa hapa karibu, Mambasa, na kule Beni na Butembo, halafu nyingi inavuka mpaka kwenda Uganda. Sisi tunabaki na aromu.

Kutengeneza yako siyo ngumu. Inaomba uvumilivu tu, na kuchagua vizuri.

Tunda la kijani halina ile harufu. Linakaa karibu miezi 9 juu ya mmea, kisha linapitishwa katika maji ya moto, linafunikwa litoke jasho, linaanikwa majuma mengi mpaka linakuwa jeusi-jeusi na laini. Mkulima akivuna mapema sababu ya kuogopa wezi (na hiyo hofu wakulima wetu wanaijua sana) hata likaushwe namna gani, harufu inabaki kidogo. Kwa hiyo, mbele ya kulipa, lizungushie kidole. Likijipinda bila kuvunjika, ni zuri. Fupi ao lililopasuka, lile wanunuzi wakubwa wanakataa, kwa kazi yetu linafaa kabisa, tena bei yake iko chini. Lenye ukungu, acha.

Sasa pombe. Chukua vodka ao jini yenye kuandikwa asilimia 40. Wengi watauliza: na kaikpo yetu je? Hapana. Nguvu yake haijulikani, harufu yake inashinda vanila, na ikipikwa vibaya inaweza kuwa na methanoli, sumu inayopofusha macho na hata kuua. Tena usiweke pombe kali juu ya mbabula eti kazi iende haraka. Mvuke wake unashika moto.

Kipimo: sheria ya Marekani inaomba karibu gramu 100 za vanila kwa litre moja. Kwa robo litre, basi, gramu 25, yaani matunda kama 7 ao 8. Yapasue kwa urefu, kata vipande, weka ndani ya chupa ya kioo uliyochemsha na kukausha. Ongeza kijiti nusu cha mdalasini, iliki 3 na karafuu 2. Usizidishe karafuu, itakula harufu yote. Mwanga pombe ifunike kila kitu, funga, weka mahali pa giza, tikisa kila juma. Nyuma ya majuma mawili toa viungo, vanila ibaki. Anza kutumia baada ya miezi 2. Ukingoja 6 ni vizuri zaidi. Kijiko kidogo kimoja kinatosha keki moja.

Katika keki pombe inapungua kwa moto, lakini haiishi yote. Kwa uji wa watoto, ao kwa wenye dini yao inakataza pombe, iko njia nyingine: pasua tunda moja, lizike ndani ya kilo moja ya sukari, funika vizuri majuma mawili. Sukari ikipungua, ongeza ingine juu ya tunda lilelile.