Usuli wa Mwandishi na Mandhari ya Mji Mdogo: Mfano wa Maeve Binchy

Ukiulizwa swali kuhusu mandhari, usitaje mahali tu kisha ukasonga mbele. "Hadithi inatokea katika mji mdogo" ni kauli ya kweli, lakini haikupi alama. Mtahini anataka ueleze jinsi mahali hapo panavyowaathiri wahusika. Ili uione tofauti hiyo, hebu tutoke kidogo nje ya kitabu chako teule tumtazame mwandishi wa Ayalandi, Maeve Binchy.

Usuli wa mwandishi
Binchy alizaliwa mwaka wa 1939, akakulia Dalkey, mji mdogo wa pwani karibu na Dublin. Hakuanza na riwaya. Alikuwa mwalimu kwanza. Alipokwenda Israeli aliwaandikia wazazi wake barua. Baba yake akazipeleka gazetini, zikachapishwa. Mwaka wa 1968 alijiunga na gazeti la The Irish Times. Riwaya yake ya kwanza, Light a Penny Candle, ilitoka mwaka wa 1982, naye amekwisha kupita umri wa miaka arobaini. Je, miaka hiyo yote ilipotea bure? La hasha. Darasani na gazetini aliishi na maneno ya watu wa kawaida, na riwaya zake zimejaa mazungumzo yao.

Mandhari
Riwaya yake Circle of Friends (1990) inatupeleka Knockglen, mji wa kubuni, katika miaka ya 1950. Wakati huo Kanisa Katoliki lilikuwa na usemi mkubwa nchini Ayalandi, na katiba ilikataza talaka. Tazama mandhari inavyofanya kazi:

(a) Kuibua mgogoro. Benny, mtoto wa pekee wa mwenye duka la nguo za wanaume, anasoma chuo kikuu Dublin, lakini wazazi wanamtaka arudi nyumbani kwa basi kila jioni. Basi hilo linakata uhuru wake wenzake wakiwa ndio kwanza wanaanza kujifurahisha.

(b) Kuonyesha matabaka. Rafiki yake Eve ni yatima aliyelelewa na watawa. Mama yake alitoka katika familia tajiri ya Kiprotestanti, iliyomtenga kwa kuolewa na Mkatoliki maskini. Nyumba ya familia hiyo iko papo hapo mjini. Eve anaishi karibu na watu wake kama mgeni.

(c) Kujenga kinaya. Knockglen kila mtu anajua habari za mwenzake. Hata hivyo, Sean Walsh, mfanyakazi anayetarajia kumuoa Benny, anaiba fedha za duka kimyakimya. Benny anaugundua wizi huo baba yake akiwa ameshafariki.

Tahadhari
Binchy naye alisoma katika chuo hichohicho cha Dublin. Usikimbilie kusema kwamba Benny ndiye Binchy. Usuli hukusaidia kuelewa kazi ya fasihi, lakini hoja zako zithibitishe kwa matukio ya kitabuni. Ukijaza ukurasa kwa wasifu wa mwandishi, utakuwa umejibu swali ambalo hukuulizwa.

Zoezi
Chagua mahali pamoja katika kitabu chako teule. Eleza, kwa hoja tatu, mambo ambayo yasingetokea iwapo mahali hapo pangeondolewa.