Kabla hujafunga chubwi kwenye mshipi

Wewe wa Mkongani unayeshuka Msambweni wikendi kuvua: mshipi unao, ndoana umenunua, chambo tayari. Chubwi je? Wengi hufunga chochote kizito, halafu wanashangaa mbona changu hagusi.

Sikia. Kazi ya chubwi ni kufikisha chambo chini, basi. Maji mafu, mkondo ukiwa mdogo, funga nyepesi. Bamvua, maji yakivuta, ongeza uzito. Ukiona mshipi unakwenda upande badala ya kushuka, bado ni nyepesi. Penye mwamba, nati ya chuma au plagi kuukuu inatosha. Ikinasa, hujapoteza pesa.

Risasi ndo hupendwa. Sentimita moja ya ujazo ina gramu 11.3, chuma ni 7.9 tu. Ndogo kwa umbo, inazama haraka. Lakini ni sumu, na huharibu hasa ubongo wa mtoto. Uingereza ilipiga marufuku uuzaji wa chubwi nyingi za risasi mwaka 1987, kwa sababu ya bata-maji waliokuwa wakizimeza na kufa. Hapa kwetu kuna Owino Uhuru, Mombasa: moshi wa kiwanda cha kuyeyusha betri uliwaumiza wakazi, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3.

Kwa hivyo usiyeyushe betri ya gari kwenye sufuria ya mamako ili ujitengenezee chubwi. Usiing'ate kwa meno kuibana. Na ukishaishika, nawa mikono kabla hujala.