Ngozi Huvutwa Ingali Maji

Wahenga walipotuasa kwamba ngozi huvutwa ingali maji, hawakuwa wakipamba maneno. Walikuwa watu walioishi na ngozi: waliilalia, wakaivaa, wakaiwamba katika ngoma na kubebea maji katika viriba. Walijua fika kwamba ngozi mbichi iliyoachwa ikauke bila ya kuwambwa hujikunja, hukakamaa, na mwishowe hupasuka mikononi mwa anayejaribu kuinyosha. Methali hiyo ilizaliwa katika kazi, kisha ikahamia katika malezi. Leo wanafunzi wetu huikariri darasani, wakaeleza maana yake ya juu na maana yake ya ndani, wakatuzwa alama zao, ilhali wengi wao hawajapata kushika kipande cha ngozi iliyoloweshwa wakaona jinsi inavyoutii mkono.

Nimesukumwa kuyaandika haya baada ya kuhudhuria warsha ya siku 5 ya kazi ya ngozi, iliyofanyika jijini Nairobi wakati wa likizo, si mbali na soko la Kariokor. Jina la soko hilo, kama wanahistoria wanavyojua, ni kumbukumbu ya wapagazi Waafrika waliobebeshwa mizigo ya Waingereza katika vita vya 1914 hadi 1918. Na kwa miaka mingi vibanda vyake vimekuwa maskani ya washonaji wa viatu, mikoba na mishipi. Tulioalikwa tulikuwa walimu wa shule za msingi na za upili. Wengine walisomesha sanaa, wengine sayansi, mmoja hisabati, na mimi Kiswahili. Waliotufunza walikuwa watatu: mzee mmoja wa Lamu aliyerithi kazi ya makubadhi kutoka kwa babake, mama mmoja aliyesomea utengenezaji wa viatu mjini Thika, kisha akafanya kazi viwandani, na kijana wa Kariokor ambaye shule yake ilikuwa kibanda cha mjomba wake.

Siku ya kwanza hatukukata chochote. Mama yule alitandaza ngozi nzima ya ng'ombe juu ya meza, akatutaka tuisome. Naam, tuisome. Alituonyesha kwamba upande uliokuwa na manyoya ni mgumu na laini kwa mguso, na upande uliokuwa nyamani una nyuzinyuzi. Alituonyesha kuwa ngozi ya mgongoni ni nene na imeshikamana, hivyo hufaa mishipi na soli, ilhali ya tumboni hulegea na kunyumbuka, na mshipi uliokatwa huko utarefuka kila wiki hadi mwenyewe auchoke. Kisha akatuonyesha makovu: vitobo vya kupe, alama ya chapa ya moto iliyopigwa katikati ya ubavu, na mikato ya kisu cha mchunaji aliyekuwa na haraka. "Walimu wangu," alisema, "ngozi huharibikia zizini na machinjoni kabla haijafika kiwandani. Fundi hawezi kulifuta kosa la mchungaji." Mwalimu wa sayansi, aliyetoka katika wilaya kame za wafugaji, aliinama akaliangalia lile kovu la chapa kwa muda mrefu. Alitwambia baadaye kwamba kwao chapa hupigwa papo hapo, mahali penye thamani kubwa kuliko pote, na kwamba hakuna aliyewahi kuwaambia wafugaji kuwa wangeweza kuihamishia shingoni au mguuni.

Siku ya pili tulijifunza kushona. Wengi hudhani kuwa mshono wa mkono ni mdogo wa ule wa cherehani, na kwamba unadumu kwa sababu ya huruma ya wateja tu. Mambo si hivyo. Katika mshono wa cherehani nyuzi mbili hukutana na kushikana, mmoja ukiwa juu na wa pili chini. Ukikatika mmoja, kushikana kule hulegea na mshono ukaanza kufumuka. Fundi wa mkono hutumia uzi mmoja wenye sindano katika kila ncha. Hutoboa kwa maharazi, kisha sindano zote mbili hupita katika tundu lile lile, moja ikitoka kulia na nyingine kushoto. Hivyo kila tundu hupitiwa mara mbili, na upande mmoja ukilika, wa pili hubaki umeshika. Uzi hupakwa nta ya nyuki ili usioze kwa maji na usiteleze baada ya kukazwa. Mwalimu wa hisabati hakukawia kutupigia hesabu: uzi hupita pande zote mbili na pia huzama katika unene wa ngozi, kwa hiyo mshono wa sentimita 30 huhitaji uzi wa zaidi ya sentimita 100. Fundi kijana alicheka, akasema kwamba kwao kipimo ni upana wa mikono iliyonyoshwa, na walipolinganisha, tofauti haikuwa kubwa.

Lakini kilichonigusa zaidi kilikuwa namna mzee wa Lamu alivyofundisha. Hakuhutubia. Alikaa kwenye kigoda, akafanya kazi polepole mbele yetu, akarudia, kisha akatuachia. Alipopita nyuma ya mwalimu mmoja kijana ambaye mshono wake ulipinda, hakumkaripia wala hakumpa alama 3 juu ya 10. Aliushika ule ukanda, akaupitishia kidole, akamwambia: "Fungua, mwanangu. Uzi haujaharibika, kilichoharibika ni utulivu." Yule mwalimu aliufungua mshono mara 3. Mara ya nne mzee alipitisha kidole tena, akanyamaza, akaenda zake. Sote tulielewa kuwa kimya kile ndicho kilichokuwa cheti.

Nilijiuliza usiku huo: ni mara ngapi katika shule zetu mwanafunzi hupewa nafasi ya kufungua mshono wake? Anaandika insha, inasahihishwa kwa kalamu nyekundu, anapewa alama, na daftari linafungwa. Kosa linahesabiwa lakini halirekebishwi. Fundi hawezi kuthubutu kufanya hivyo, kwa maana kiatu chenye kosa kitarudi na mwenye kiatu akiwa ameudhika.

Siku ya tatu ilikuwa ya kuunda na kupamba. Hapo ndipo tulipofundishwa kwamba si kila ngozi hukubali nakshi. Ngozi iliyosindikwa kwa magome ya miti, kama vile miwati inayopandwa katika nyanda zetu za juu, ikiloweshwa kiasi hunyumbuka, hupokea alama ya chuma, na ikikauka huihifadhi alama hiyo. Ngozi iliyosindikwa kwa chumvi za kromiamu, ambayo ndiyo nyingi viwandani kwa sababu hukamilika upesi, ni nyororo na hustahimili maji, lakini alama haikai. Mzee alitukumbusha kuwa pwani nako magome ya mikoko yaliwahi kuwa bidhaa ya kusafirishwa ng'ambo kwa ajili ya kazi hii hii. Nilipobonyeza kidole katika ngozi iliyoloweshwa na kuiona alama ikibaki, niliielewa methali niliyoifundisha kwa miaka mingi kama sijawahi kuielewa. Si kwamba ngozi kavu haivutiki kabisa. Ni kwamba ikivutwa hulipiza kwa kupasuka.

Fauka ya hayo, mimi kama mwalimu wa lugha nilivuna msamiati. Gidamu, ule ukanda unaopita kati ya vidole vya mguu. Shazia, ile sindano nene. Maharazi, kitoboleo cha mshona viatu: maneno haya yamo kamusini, lakini nilipowauliza wanafunzi wangu wa kidato cha tatu, hakuna hata mmoja aliyeyajua. Neno halifi kwa sababu kamusi limelisahau. Hufa pale kazi iliyolizaa inapokosa watu wa kuifanya. Kisiwani Pate, mji wa Siyu ulisifika katika karne ya 19 kwa mafundi wa ngozi na kwa wanakili na majalada wa misahafu. Mkono ulioshona kiatu na mkono ulioshona jalada la kitabu uliishi katika mji mmoja, na hapakuwa na aliyeona ajabu.

Ni wapi basi tulipoutenga mkono na kitabu? Mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka wa 1985, nia yake iliyotangazwa ilikuwa kumpa mtoto ujuzi wa kujitegemea. Kazi ya ngozi iliingizwa miongoni mwa masomo ya ufundi katika shule za msingi. Wazazi walichanga fedha za Harambee wakajenga karakana. Lakini shule nyingi zilipata kuta na mabati bila ya zana wala mafundi, na mtoto akajifunza kushona ngozi kwa kuchora mshono ubaoni. Mtihani ulimwuliza jina la chombo ambacho hakupata kukiona. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo hayo yalipoondolewa katika mtihani wa darasa la nane, wachache waliomboleza, kwa kuwa kilichozikwa kilikuwa jina tu.

Sasa tuna mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019, nao umerejesha sanaa na ufundi kwa ahadi zile zile. Nauunga mkono kwa moyo mweupe. Hata hivyo, sote tunajua yanayotendeka. Mtoto anaagizwa alete kifaa alichokitengeneza. Mzazi aliyerejea kazini amechoka anakwenda sokoni usiku kukinunua. Mwalimu mwenye wanafunzi 60 anakipokea na kukipa alama. Katika mzunguko huo wote, aliyeonyesha umilisi ni mchuuzi peke yake. Tukiendelea hivi, karakana za mabati za miaka ya 1980 zitakuwa zimepata wadogo zao.

Wapo watakaonikabili wakisema kuwa kazi ya ngozi haina tija, maana viatu vya kiwandani na vya mitumba vimejaa masokoni kwa bei ya chini. Hoja hiyo ina uzito. Fundi wa mkono hawezi kushindana na mashine kwa wingi wa pea. Lakini nchi yetu, yenye mifugo kwa mamilioni, kwa muda mrefu imeuza nje ngozi nyingi zikiwa hazijakamilika kusindikwa, kisha ikaagiza viatu kutoka nje. Tofauti ya bei kati ya ngozi ghafi na kiatu ni malipo ya ujuzi, na ujuzi huo hauoti kama uyoga. Isitoshe, sidai kwamba kila mtoto awe mshona viatu. Nadai kwamba mtoto aliyepima, akakata, akakosea na akafungua mshono ameonja jiometri, kemia na subira kwa njia ambayo ubao hauwezi kumwonjesha.

Kipingamizi kingine ni cha zamani na kimejificha zaidi, nacho ni dharau. Katika baadhi ya jamii za Pembe ya Afrika, watu wa kazi ya ngozi walitengwa hata wakanyimwa kuoana na wengine, ilhali waliowatenga walivaa viatu walivyoshonewa na mikono hiyo hiyo. Sisi tunaojiona tumestaarabika tumeugeuza ubaguzi ule jina tu. Tunaposema kwamba fulani "alifeli, akaenda kufanya kazi za mikono", tunarudia maneno ya mababu wasiotenda haki.

Siku ya mwisho nilimwuliza mzee wa Lamu kama amewahi kualikwa kufundisha katika shule iliyo karibu na kwake. Alisema aliwahi kujitolea, akaulizwa vyeti, naye hakuwa navyo. Wanawe wameingia katika kazi nyingine. Ana mwanagenzi mmoja tu, na umri wake umepita miaka 70. Hakulisema hilo kwa malalamiko. Alikuwa akipanga shazia zake katika kitambaa, akizihesabu moja baada ya nyingine.

Hapa ndipo lilipo jambo langu. Sheria ya mwaka wa 2014 iliyoweka mfumo wa kitaifa wa sifa za kielimu ililifungulia mlango wazo la kuutambua ujuzi popote ulipopatikana. Mlango huo uwafikie watu kama mzee huyu wakiwa hai. Kila shule iruhusiwe, na iwezeshwe kifedha, kumwalika fundi wa eneo lake kwa majuma machache katika kila muhula, akae pamoja na mwalimu wa darasa: mmoja alete mkono, mwingine alete mpangilio wa somo. Fundi huyo alipwe, maana mkono mtupu haulambwi. Tathmini nayo ifanyike darasani, kazi ikitendeka, wala isingojee kifaa kilichofungwa katika karatasi ya duka. Hayo hayahitaji jengo jipya. Yahitaji meza, visu vichache, uzi, nta, na vipande vya ngozi ambavyo viwanda na vibanda huvitupa kila siku.

Kwenu walimu wenzangu, nasihi yangu ni hii: msingoje waraka. Katika kila mji wetu yupo mshona viatu aliyekaa chini ya mti au kando ya kituo cha basi. Mwendeeni, msalimieni kwa jina la fundi, mwulizeni anachokijua. Nanyi wanafunzi, mkiletewa mtu huyo darasani, msitazame kandambili zake. Tazameni vidole vyake. Ujuzi hauzeeki, lakini wenye ujuzi huzeeka, nasi hatuna hakika ya mwaka ambao mikono hiyo itakuwa ingali na maji ya kutosha kuivuta mikono yenu.