Volti 1.5 au Volti 1.2? Betri za Kuchaji Katika Vitambuzi vya Metali

Tarehe 17 Septemba 2015, Msumbiji ilitangaza kwamba maeneo yake yote yaliyojulikana kuwa na mabomu ya kutegwa ardhini yalikuwa yamekwisha kusafishwa. Mabomu hayo yalikuwa masalio ya vita vya ukombozi, na ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyokoma mwaka 1992. Miongoni mwa zana za wateguaji kilikuwamo kitambuzi cha metali. Chombo hicho hakifanyi kazi bila betri. Kwa hiyo uchaguzi wa betri si jambo la bei tu, bali pia ni la usalama wa mtu anayekishika.

Jinsi kitambuzi kinavyofanya kazi

Ndani ya kichwa cha kitambuzi mna koili ya waya. Umeme unaobadilika-badilika upitapo katika koili hiyo, huzalisha uga wa sumaku unaobadilika pia. Uga huo ukikutana na kipande cha metali, huamsha ndani yake mikondo midogo ya umeme. Mikondo hiyo nayo huzalisha uga wake wa sumaku, ambao hupokewa na chombo na kugeuzwa kuwa sauti. Kanuni hii iligunduliwa na Michael Faraday mwaka 1831. Mabomu mengi yameundwa kwa plastiki, na metali iliyomo ni kidogo mno. Hivyo sauti inayotafutwa huwa hafifu, na chombo hakina budi kuwa na nguvu kamili wakati wote.

Maana ya namba iliyoandikwa

Seli ya alkali, ambayo hutupwa baada ya kwisha, huandikwa volti 1.5. Seli ya kuchaji ya nikeli na haidridi ya metali huandikwa volti 1.2. Kitambuzi kinachotumia seli nane kitapata volti 12 kwa seli za kwanza, na volti 9.6 kwa seli za pili. Kwa hesabu hiyo, wengi huamini kwamba seli za kuchaji ni dhaifu.

Imani hiyo si sahihi. Volti 1.5 ni kipimo cha seli ya alkali ikiwa mpya. Mara inapoanza kutumika, volti zake hushuka polepole: katikati ya maisha yake hukaribia 1.2, na hatimaye hufika 0.9. Seli ya kuchaji, kwa upande wake, hukaa karibu na volti 1.2 kwa muda mrefu wa kazi yake. Tena ukinzani wake wa ndani ni mdogo, kwa hiyo hutoa mkondo mkubwa bila kulegea. Vitambuzi vingi vya kisasa vina sakiti ya kusawazisha volti, nazo hufanya kazi vizuri kwa seli za aina zote mbili. Hata hivyo, mtumiaji hana budi kufuata maelekezo ya mtengenezaji.

Hatari iliyojificha

Uthabiti huo wa volti una upande wake wa pili. Seli ya kuchaji inapokaribia kwisha, volti zake huporomoka ghafla. Kipimo cha betri kilichotengenezwa kwa seli za alkali huonyesha kwamba seli ya kuchaji imebaki nusu. Hubaki hapo kwa saa nyingi, kisha huanguka mara moja. Mteguaji anayekitegemea kipimo hicho peke yake hujidanganya. Ndiyo maana kitambuzi hujaribiwa kwa kipande cha metali kinachojulikana kabla ya kazi kuanza, na tena kazi ikiendelea.

Faida na utunzaji

Ichukuliwe mfano wa kitambuzi chenye seli nne za alkali zinazodumu siku tatu. Katika siku 300 za kazi, seli 400 zitatupwa. Kama seli nne za kuchaji zitadumu siku mbili, seti mbili zikipokezana zitatosha: seli nane tu, na kila seti itachajiwa mara 75. Kambi iliyo mbali na mji yaweza kuzichaji kwa umeme wa jua.

Seli za zamani na mpya, au za aina mbalimbali, zisichanganywe katika chombo kimoja. Seli ya alkali isiyo ya kuchaji isiwekwe katika chaja, kwani yaweza kuvuja au kupasuka. Seli za nikeli na kadimiamu zisitupwe ovyo, kwa sababu kadimiamu ni sumu.

Jaribio kwa darasa

Vifaa: seli moja ya alkali, seli moja ya kuchaji iliyojaa, balbu mbili ndogo za tochi zinazofanana, na voltimita.

Kila seli iunganishwe na balbu yake. Volti zipimwe kila baada ya nusu saa, balbu zikiwa zinawaka, na matokeo yachorwe katika grafu moja. Seli ya kuchaji iondolewe ifikapo volti 1.0 ili isiharibike.

Maswali

1. Ni mstari upi unaoshuka polepole, na ni upi unaoanguka ghafla?
2. Kwa nini volti zipimwe balbu ikiwa inawaka?
3. Kama kitambuzi chenye seli nane huzimika chini ya volti 8, kila seli itakuwa na volti ngapi wakati huo?