Kalamu Baada ya Sala ya Alfajiri

Ni wengi wasemao kwamba wangeandika lau wangekuwa na nafasi. Mimi nami nilikuwa miongoni mwao kwa miaka saba, na kuchelewa huko kumenipotezea kitu ambacho sasa hakinunuliki kwa fedha.

Mimi ni mzaliwa wa Lamu, lakini riziki imenileta bara. Nakaa Kitengela, na kazi yangu ya ukarani iko mjini Kajiado, mwendo wa kama kilomita 50 kwa barabara ya Namanga. Saa kumi na mbili asubuhi huwa niko kituoni nikingoja matatu, pamoja na wafanyakazi wa viwanda vya saruji vya Athi River. Wao huelekea kaskazini, mimi kusini. Jioni hurudi magharibi imekwisha kuingia. Kuna watoto wa kusomeshwa Kurani, kuna maji ya kununua, kuna jirani mgonjwa wa kutazamwa. Hayo yakiisha, macho nayo yamekwisha kufumba.

Mjomba wangu, Mungu amrehemu, alikuwa nahodha wa jahazi. Alichukua boriti kutoka Lamu mpaka Mombasa, na katika ujana wake alifika Arabuni kwa upepo wa kusi. Alijua jina na kazi ya kila kamba na kila mti chomboni, toka foromali na henza mpaka demani. Kila nilipokwenda nyumbani kwa Idi aliniuliza, "Mwanangu, umekuja na daftari?" Nami nilimjibu, "Likizo ijayo, mjomba, inshallah. Nitakaa nawe wiki mbili nzima." Likizo zilikuja zikapita. Mara ilikuwa harusi, mara karo, mara nauli.

Habari ya kufa kwake niliipata kwa simu, matatu ikiwa imesimama Isinya kuteremsha abiria. Mkobani mwangu mlikuwa na daftari jipya nililolinunua Kajiado kwa ajili yake. Halikuwa na hata herufi moja.

Baada ya msiba nilianza kujiuliza: hao waliotuachia maandishi, nafasi waliipata wapi? Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, alikuwa karani wa serikali tangu ujana wake, na kwa miaka mingi alitumikia idara ya forodha. Vitabu vyake vinapita 20. Sheikh Abdulla Saleh Farsy alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya wakati tafsiri yake ya Kurani nzima kwa Kiswahili ilipotoka mwaka 1969. Na sote twajua kwamba mlango wa kadhi haukosi watu. Mwana Kupona wa Pate alitunga utendi wake mwaka 1858, naye ni mgonjwa, kwa kuwa alikuwa na binti wa kumwusia. Hakungoja apone.

Basi nikatambua kwamba kosa langu lilikuwa katika lile neno "nafasi". Hakuna Mwislamu anayengoja apate nafasi ndipo asali. Wakati ukiingia, kazi husimama. Sisemi kwamba kuandika ni sawa na sala, hasha! Lakini sala imetufundisha kwamba siku, hata ijae vipi, hukatika. Nami nikatafuta mahali pa kuikata yangu. Mtume wetu (S.A.W.) aliuombea umma wake baraka katika asubuhi ya mapema, nikaona hapo ndipo pangu.

Sasa nikimaliza sala ya alfajiri sirudi kitandani. Hukaa jikoni, simu nikaiacha chumbani, nikaandika mpaka karibu saa kumi na mbili. Ni nusu saa tu, na aghalabu hutoka nusu ukurasa. Ni kidogo, lakini nusu ukurasa kwa siku ni zaidi ya kurasa 180 kwa mwaka. Haba na haba hujaza kibaba. Kila Ijumaa usiku humpigia simu mkaza mjomba wangu kule Lamu nikamwuliza yale niliyokwama. Mengine huyakumbuka na kunieleza kwa furaha. Mengine hunyamaza kidogo, kisha husema, "Hilo, mwanangu, angelijua mwenyewe."

Hapo huacha mstari mtupu. Daftari la kwanza limekwisha, na mistari mitupu ndani yake nimeihesabu: ni 43. Kuna nyota aliyoifuata akitafuta mlango wa bandari usiku, nami nimesahau jina lake. Kuna neno waliloitana mabaharia wakati wa kugeuza tanga. Nilipata kuyasikia yote mawili kwa masikio yangu, barazani, nikidhani yatakuwapo siku zote.

Ndugu msomaji, pengine nyumbani kwenu yupo bibi ajuaye tenzi kwa moyo, au babu aliyechonga milango, au shangazi ajuaye dawa za miti. Usingoje likizo, wala kustaafu. Leo baada ya sala mpigie simu, umwulize jambo moja tu, uliandike. Kesho umwulize la pili.